Wanatoka Wapi Waimbaji Hawa? Watatu wa Santiago na Swali la Muziki Wetu

Katika shule moja ya sekondari ambako tulipata kufundisha kwa miaka kadhaa, tulikuwa na desturi ya kuwasikilizisha wanafunzi nyimbo bila ya kuwatajia jina la mwimbaji wala nchi yake, kisha tukawataka waseme wanachokisikia. Siku moja tuliwawekea wimbo wa watu watatu, magitaa mawili na manyanga. Wengi walisema bila kusita kwamba hao ni Wakongo wa zamani. Mmoja alishikilia kwamba ni bendi ya Morogoro iliyoamua kuimba lugha isiyoeleweka ili kujitia ugeni. Mwingine, kijana wa Unguja, alisema kwamba maneno hayajui, lakini jinsi sauti ya pili inavyoipokea ya kwanza inamkumbusha wazee wa kwao wakivuta jarife. Hapana hata mmoja aliyeitaja Kuba. Na karibu wote waliafikiana juu ya jambo moja: kwamba waimbaji wale ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana sauti zao ziliachiana nafasi kama watu waliokula sahani moja tangu utotoni.

Walikosea juu ya nchi, na walikosea juu ya damu. Waliokuwa wakiimba ni Trío Matamoros wa Santiago de Cuba: Miguel Matamoros, aliyezaliwa mwaka 1894, Siro Rodríguez, aliyezaliwa 1899, na Rafael Cueto, aliyezaliwa 1900. Jina la kikundi ni la mmoja wao tu, na wale wawili hawakuwa jamaa zake. Hata hivyo hatukuona vema kulisahihisha kosa hilo kwa haraka. Lugha yetu imelipa neno ndugu upana ambao lugha nyingi hazina. Ndugu ni mtoto wa mama mmoja nawe, ni mtu wa ukoo, na katika miaka ya ujenzi wa taifa lilikuwa pia jina la heshima la kumwitia raia yeyote aliyeshirikiana nasi katika kazi. Watatu hawa walikuwa ndugu kwa maana hiyo ya mwisho. Waliimba pamoja kutoka 1925 hadi 1960, miaka 35, wakiwa wale wale watatu. Mtu anayezijua bendi zetu za dansi, na jinsi mpiga gitaa anavyoweza kuwa Dar es Salaam kwa Pasaka na Nairobi kwa Krismasi, atauelewa uzito wa jambo hili.

Lakini tunaandika habari zao katika kitabu cha utamaduni wa taifa, na msomaji ana haki ya kuuliza Wakuba watatu wanatuhusu nini. Twalijibu swali hilo kwa kukumbusha jingine. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika kueleza sababu zake alisikitika kwamba wengi wa waliosoma walijifunza kucheza rumba na chachacha pamoja na dansi za Kizungu, hali wachache tu kati yao waliijua gombe sugu, kiduo au lelemama. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yaliwachoma waliostahili kuchomwa. Walakini yaliacha nyuma yake tatizo ambalo walimu wa muziki wamelibeba hadi leo. Ikiwa rumba ni ya wageni, basi muziki wa dansi, ambao wazazi wetu waliuchezea harusi na sherehe za uhuru, ambao uliimba habari za Azimio na za mapenzi, za kodi na za kifo, tuuweke wapi? Tumepata kuona mashindano ya shule ambamo ngoma zilikubaliwa na kwaya zilikubaliwa, lakini vijana waliokuja na magitaa walielekezwa mlango wa nje, kana kwamba gitaa lilikuwa chupa ya pombe. Hilo ndilo linalotupeleka Santiago.

Muziki walioimba watatu hawa huitwa son. Ulizaliwa upande wa mashariki wa kisiwa cha Kuba, katika jimbo lililoitwa Oriente, nchi ya milima na ya mashamba ya miwa na kahawa, ambako wajukuu wa watumwa wa Kiafrika na wakulima maskini wenye asili ya Hispania waliishi jirani na kusikilizana. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886, yaani miaka minane tu kabla ya Miguel Matamoros kuzaliwa. Kutoka Hispania ulitoka mwili wa gitaa, ambao huko Kuba ulizaa lile gitaa dogo lenye jozi tatu za nyuzi liitwalo tres, na namna ya kupanga beti. Kutoka Afrika ilitoka desturi ya mmoja kutongoa na wengi kuitikia, na mapigo yasiyokubali kuangukia pale ambapo sikio la Mzungu linayangojea. Besi ilipigwa kwa chombo kiitwacho marímbula: sanduku la mbao lenye vibamba vya chuma, ambalo mpigaji hulikalia na kuvibofya vibamba kwa vidole. Mwalimu anayetoka Dodoma hana haja ya maelezo zaidi. Hiyo ni jamaa ya ilimba ya Wagogo iliyokua ikawa kiti, ikapelekwa ng'ambo na watu wa Kongo ambao hawakuruhusiwa kubeba chochote isipokuwa kile walichokuwa nacho kichwani.

Tusikimbilie, hata hivyo, kutoa hukumu nyepesi kwamba kwa kuwa mizizi ni ya Afrika basi mti mzima ni wetu. Hukumu hiyo tumeisikia mara nyingi katika mikutano, na kila mara imetuacha na shaka. Mtu aliyechukuliwa na jahazi hawi tena yule yule akirudi baada ya miaka 300. Amejifunza kula vingine, amezaa na wengine, na ana haki ya kuitwa kwa jina alilojipa mwenyewe. Wakuba waliuumba son wakiwa Wakuba. La kuuliza ni nini kilichokuwa ndani ya muziki huo hata wetu wakausikia mara moja tu na kuutambua.

Miguel Matamoros alikuwa fundi wa kazi nyingi kabla ya kuwa mwanamuziki wa kulipwa, na kwa muda alikuwa dereva. Siro Rodríguez alikuwa mhunzi. Siku ya kuzaliwa kwake Miguel, tarehe 8 Mei 1925, walikutana watatu nyumbani kwake Santiago, wakaimba, na hawakuachana tena. Mwanzoni walijiita Trío Oriental, kwa jina la jimbo lao. Mwaka 1928 walisafiri hadi Camden, katika jimbo la New Jersey huko Marekani, kurekodi santuri kwa kampuni ya Victor, na kwa kuwa palikuwa na kikundi kingine chenye jina lile lile wakachukua jina la Matamoros. Santuri yao ya kwanza ilinunuliwa Kuba kwa maelfu, na dereva na mhunzi wakawa watu mashuhuri.

Hapa yafaa tusimame kidogo juu ya mwaka huo wa 1928. Ndio mwaka ambao Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, binti wa ufinyanzi aliyekuwa akichuuza vyungu mitaani, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Wasifu wake aliuandika Shaaban Robert, na kila mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuusoma. Kampuni ya Victor ya Marekani na ile ya His Master's Voice ya Uingereza zilikuwa na udugu wa kibiashara. Zote mbili zilitumia picha ya yule mbwa anayesikiliza gramafoni. Basi mchuuzi wa vyungu wa Unguja na mhunzi wa Santiago waliimba mwaka mmoja chini ya mbwa mmoja, bila ya kujuana. Wote wanne walitoka katika watu ambao wakubwa wa miji yao hawakuwahesabu: taarabu ya Unguja hapo kabla ilikuwa ya jumba la Sultani na kwa Kiarabu, na son ulidharauliwa na wenye nafasi wa Havana kuwa ni kelele za watu weusi wa milimani. Na kwa pande zote mbili santuri ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuwa mfanyabiashara alitaka kuuza, na maskini walikuwa wengi kuliko masultani.

Sasa tuzisikilize nyimbo zenyewe, kwani uhakiki usiofungua masikio ni porojo.

Wimbo wao unaojulikana kuliko wote ni Son de la loma. Habari yake ni ndogo kabisa. Mtoto anamwuliza mama yake waimbaji hawa wanatoka wapi, kwa maana anawapenda na anataka kuwajua. Je, ni wa Havana, au ni wa Santiago? Mama anamjibu kwamba ni watu wa kilimani, nao huimba bondeni. Basi. Lakini katika Kihispania neno son lina maana mbili: ni jina la muziki, na pia ni kitenzi cha kusema kwamba watu fulani ni wa mahali fulani. Hivyo anayesema kwamba ni wa kilimani anasema papo hapo kwamba huu ni son wa kilimani. Mtu na muziki wake wamekuwa neno moja. Mwalimu wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea kuwafumbulia wanafunzi mafumbo ya Muyaka, atalitambua mara moja fumbo la namna hii, ambalo limefichwa hadharani, katika maneno ambayo hata mtoto huyasema kila siku.

Twaupenda wimbo huu kwa sababu nyingine pia. Swali la asili ndilo swali ambalo wenye madaraka huwauliza wanyonge: umetoka wapi, karatasi zako ziko wapi, nani amekuruhusu kuimba hapa? Matamoros ameliondoa katika kinywa cha askari na kuliweka katika kinywa cha mtoto, na mara limekuwa swali la upendo. Jibu nalo halioni haya. Watu wa kilimani, katika nchi ile kama katika nchi nyingi, ndio washamba. Nao wanakuja kuimba bondeni, palipo na mji, wala hawaombi radhi.

Nayo sauti yafanyaje? Miguel anachukua sauti ya kwanza, nyembamba na yenye mwanga. Siro anaikamata kwa chini yake, nzito na tulivu, huku akitikisa manyanga. Cueto anaingia pale penye kuitikia. Sauti hizi hazishindani. Katika kwaya zetu nyingi, kila sauti hutaka isikike na mgeni rasmi. Hapa sauti ya pili imeridhika kuwa kivuli, na kwa kuridhika huko imekuwa ya lazima, kwani ukiiondoa ya kwanza inabaki uchi. Aliye na nafasi na awatie wanafunzi wake wamfuate Siro peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo mmoja. Ni zoezi zuri la usikivu, na ni gumu kuliko linavyoonekana.

Lakini kwa maoni yetu hazina kubwa ya kikundi hiki ni kidole gumba cha Rafael Cueto. Watatu hawa hawakuwa na ngoma, hawakuwa na besi, hawakuwa na tarumbeta. Miguel alipiga gitaa la kwanza kwa vidole, akilisemesha pamoja na sauti yake. Cueto, kwa gitaa la pili, alizivuta nyuzi nene kwa kidole gumba na kuziachia kabla au baada ya mahali unapozitarajia, hata gitaa moja likawa ni besi na ngoma kwa pamoja. Msikilizaji husikia ngoma ambayo haipo. Watu wengi waliozoea bendi kubwa, wakiambiwa kwamba mchezaji anaweza kutoka jasho kwa magitaa mawili tu, hucheka. Wakisikiliza, mguu ndio unaowajibu. Tumelitaja hili kwa kirefu kwa sababu shule nyingi hulalamika kwamba hazina vyombo. Hawa nao hawakuwa navyo, na upungufu huo haukuwa kisingizio chao bali ulikuwa ndio mtindo wao.

Wa pili katika umaarufu ni Lágrimas negras, uliotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Inasimuliwa kwamba Miguel, akiwa katika nyumba ya wageni huko Santo Domingo, alimsikia mwanamke akilia kwa kuachwa na mpenzi wake, na kilio hicho kikamkosesha raha hata akakitungia wimbo. Sehemu ya kwanza ni bolero: mtu aliyeachwa anasema kwamba hawezi kumlaani aliyemwacha, na machozi yake ni meusi kama maisha yake. Ingekuwa mtunzi mwingine angeishia hapo, nasi tungekuwa na wimbo mmoja zaidi wa majonzi, kama ilivyo mamia. Ghafla gitaa la Cueto linabadili mwendo, bolero inakuwa son, na yule aliyekuwa akilia anaamka: ikiwa wewe waondoka nami sitaki kuteseka, basi nakufuata, hata kama nitakufa kwa hilo. Maneno bado ni ya huzuni lakini mwili umekwisha kuanza kucheza. Mchanganyiko huu wa bolero na son ndio mchango wa Matamoros ambao wanahistoria wa muziki wa Kuba huutaja kwanza. Sisi twauona kuwa ni zaidi ya ufundi wa mapigo. Ni ujuzi wa watu ambao, katika historia yao, hawakupewa likizo ya kulia. Mwenye kuijua dansi yetu atakumbuka ni mara ngapi ubeti wa kifo au wa talaka umefuatwa na gitaa linalomtaka kila mtu asimame acheze, na wageni wakatuona tu watu wasio na hisia.

Ipo pia safu ya nyimbo zao ambazo ni gazeti. Mwaka 1930 walikuwa Santo Domingo wakati kimbunga kilichoitwa San Zenón kilipoupiga mji huo tarehe 3 Septemba na kuua maelfu ya watu. Walinusurika, na wakatunga El trío y el ciclón, wakisimulia waliyoyaona. Daktari mmoja wa Hispania alipojipatia sifa kwa kudai kwamba anaponya viwete kwa kuugusa mshipa wa fahamu puani, Matamoros alimtungia wimbo wa dhihaka, El paralítico, unaomshauri kiwete atupe mkongojo wake aje kucheza son. Katika El que siembra su maíz ni mchuuzi wa mtaani ambaye hatembezi tena bidhaa zake, na kiitikio kinakumbusha kwamba aliyepanda mahindi ndiye atakayekula unga wake. Msomaji aliyekulia na methali za wakulima haitaji mkalimani hapo.

Hatutaki lakini ionekane kwamba tumekuja kusifu tu. Nyimbo zao nyingi za mapenzi hufanana kupita kiasi. Mwanamume amejeruhiwa, mwanamke ni katili au ni kipepeo, na baada ya nyimbo kumi za namna hiyo msikilizaji hutamani kumsikia huyo mwanamke naye akitoa hoja zake. La mujer de Antonio ni wimbo mtamu ajabu, na bado ni umbeya wa majirani juu ya mwendo wa mke wa mtu. Tena, katika zile nyimbo zao mashuhuri, mwenye shamba la miwa haonekani. Njaa ipo, mchuuzi yupo, tufani ipo, lakini anayekula jasho la wengine hatajwi kwa urahisi. Wapo wahakiki ambao kwa sababu hiyo wangewatupa nje ya darasa. Sisi hatuwezi. Muziki wa watu wa kazi haubebi tabaka lao katika maneno peke yake. Waweza kulibeba katika kidole gumba. Lakini upungufu huo upo, na mwanafunzi akiuona asinyamazishwe.

Kadhalika hatuna shauku sana na miaka yao ya mwisho. Kadiri kumbi zilivyokua na vipaza sauti vilivyoenea, watatu walizungukwa na kundi kubwa, Conjunto Matamoros, lenye tarumbeta na ngoma. Kutoka humo walipita wanamuziki wakubwa. Beny Moré, ambaye baadaye alikuwa sauti kuu ya Kuba, alikwenda nao Mexico mwaka 1945, nao waliporudi yeye akabaki huko. Francisco Repilado, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Compay Segundo, aliwapigia klarineti kwa miaka mingi. Wanafunzi wa leo huenda wakawa wamemsikia katika santuri ya Buena Vista Social Club ya mwaka 1997, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Kama shule ya wengine, kundi lile lilifanya kazi yake. Ila tarumbeta zilizijaza zile nafasi tupu ambazo watatu walijua kuziacha wazi, na ndani ya nafasi zile ndimo ulimokuwa muziki wao. Mwaka 1960 waliacha kazi. Miguel alifariki Santiago, mji aliozaliwa, mwaka 1971. Siro alimfuata 1981, na Cueto 1991.

Tumebakiwa na safari ya kuja kwetu. Mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuchapisha upya, kwa ajili ya soko la Afrika, santuri zilizokuwa zimerekodiwa na ile kampuni ndugu ya Marekani. Zilipewa herufi GV, na ya kwanza ilikuwa El manicero, wimbo wa mchuuzi wa karanga, uliopigwa na bendi ya Don Azpiazu. Trío Matamoros walikuwamo katika mfululizo huo. Santuri za GV zilishuka Matadi na Lagos, Mombasa na Dar es Salaam. Wafanyakazi wa reli, makarani na mabaharia wakazinunua. Nje ya Kuba wafanyabiashara waliuita muziki huu rumba, ijapokuwa sehemu yake kubwa ilikuwa son, na huko Kuba rumba ni ngoma nyingine kabisa. Huenda hapo ndipo ulipo mzizi wa kutoelewana kwetu. Kulikuwa na rumba mbili katika Afrika ya wakoloni: ile ya ukumbi wa maofisa, iliyofundishwa kwa hatua zilizohesabiwa kama mwaltzi na fokstroti, na ile ya gramafoni la mtaani, ambayo hakuna aliyeifundisha. Katika hotuba ya 1962 rumba ilitajwa pamoja na dansi za kumbi. Twaamini kwamba aibu iliyokemewa ilikuwa ya ukumbi, ingawa pigo liliangukia mtaa pia.

Kwani mtaani mambo yalikwenda kwa njia yake. Leopoldville ya siku hizo iliigiza kwanza, maneno ya Kihispania yakiimbwa na watu wasioyajua, kisha ikaimba kwa Kilingala, hata rumba ya Kongo ikawa kitu kamili ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2021 kuwa urithi wa wanadamu. Morogoro, Salum Abdallah Yazidu, aliyezipenda mno santuri za Kuba, aliiita bendi yake Cuban Marimba. Tumelitafakari jina hilo mara nyingi. Sijui kama kuna jina jingine la bendi lililoandika historia nzima kwa maneno mawili: chombo cha Afrika na kisiwa kilichokichukua, vikiwa vimekutana tena chini ya milima ya Uluguru. Salum alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, akiwa bado kijana. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili fasaha, yenye mizani na vina ambavyo mwalimu wa ushairi hawezi kuviona kasoro kwa urahisi. Na wimbo wake mmoja unaitwa Ngoma Iko Huku.

Na kama msomaji bado anawataka wale ndugu wa tumbo moja ambao wanafunzi wetu walidhani wamewasikia, wapo, na ni wa kwetu. Wilson, George na William Kinyonga wa Tanga walianza katika Jamhuri Jazz mjini humo, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, ambako waliunda Simba Wanyika. Magitaa yao yanayojibizana, na sauti zinazopokezana kwa upole ule ule wa kuachiana nafasi, yanastahili makala yao wenyewe. Hapa twasema tu kwamba udugu wa damu haukuikinga bendi yao na mfarakano. Mwaka 1978 wenzao kadhaa waliondoka wakaunda Les Wanyika. Dereva na mhunzi wa Santiago, wasiokuwa na mama mmoja, ndio waliodumu miaka 35.

Siku ile darasani, baada ya kuwaambia wanafunzi kwamba waimbaji walikuwa Wakuba, tuliuweka wimbo mara ya pili, na mara baada yake tukauweka wa Cuban Marimba. Yule kijana aliyesema Morogoro alidai kwamba hakukosea sana. Wenzake walimcheka. Sisi tulimpa alama zake.